Kabali ya Mwisho: Mwaka wa John Cena Katika Ukumbi wa Video wa Busia

Kwa kiingilio kisichozidi shilingi 1,000 za Uganda, ukumbi mmoja wa video ulio nyuma ya maegesho ya malori hapa Busia, upande wetu wa mpaka, uliniwezesha kuufuatilia mwaka mzima wa mwisho wa mwanamieleka wa Marekani John Cena ulingoni, tangu Januari 2025 hadi alfajiri ile ya Desemba alipogonga sakafu kwa kiganja na kusalimu amri. Naandika tathmini hii kwa ajili ya mashabiki wa mieleka wanaoishi hapa au wanaopita na mizigo yao na hawajawahi kuingia humo, kwa kuwa naamini ukumbi huu sasa ndio mahali pazuri zaidi katika mji wetu pa kutazama mieleka ya kulipwa. Haukuwa hivyo mwanzoni mwa mwaka. Kasoro uliyokuwa nayo ndiyo ile ile niliyoiona katika WWE yenyewe, kampuni ya mieleka aliyoipigania Cena, yaani tabia ya kuikata hadithi kabla haijaiva.

Ukumbi ni jengo la mbao lililoezekwa kwa mabati, na hukalisha watu wapatao themanini kwenye mabenchi yasiyo na egemeo. Televisheni mbili kubwa zimepachikwa juu kiasi kwamba hata mtoto aliyeketi nyuma ya dereva wa lori mwenye mabega mapana anaona vizuri, ila mbele ya mabenchi matatu ya upande wa kulia imesimama nguzo ya paa inayoziba nusu ya picha, na anayechelewa hana budi kukaa hapo. Spika zinasikika vyema. Feni ni mbili tu, na hazitoshi mchana wa jua kali. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa kabla watu hawajaanza kunung'unika, jambo ambalo kumbi nyingine nilizoingia hazilimudu. Mlangoni mama mmoja huuza chai ya maziwa, na kijana aliye jirani naye hukaanga roleksi, yaani chapati zinazoviringishwa na mayai mawili. Choo kiko nyuma na ni safi, lakini njia ya kukiendea haina taa.

Kuhusu ratiba, ni lazima mgeni aelewe suala la saa. Raw, kipindi cha WWE cha kila wiki, huanza Jumatatu jioni huko Marekani, na kwetu huwa tayari ni Jumanne, saa tisa usiku katika miezi yao ya kiangazi na saa kumi katika miezi yao ya baridi. Ukumbi haufunguliwi saa hizo isipokuwa kwa matukio makubwa, bali huonyesha marudio Jumanne hiyo hiyo kuanzia saa moja jioni. SmackDown, kipindi chao cha Ijumaa, ambacho kwa mpangilio huo kingefaa kuonyeshwa Jumamosi jioni, husogezwa hadi Jumapili alasiri kwa sababu Jumamosi ni siku ya soka ya Uingereza, na hakuna mwenye ukumbi nchini Uganda anayeweza kumnyima shabiki wa Arsenal au wa Manchester United benchi lake. Mimi nimeukubali mpango huo bila kinyongo. Nimekua nikitazama mapambano ya miezi sita iliyopita kwenye diski zilizokwaruzika, hivyo kusubiri saa kumi na tano au kumi na sita, au hata siku moja na nusu, kwangu ni neema.

Kinachoutofautisha ukumbi huu na mingine ni mtafsiri wake. Uganda imezoea mavijei, yaani watafsiri wanaosimulia filamu kwa kipaza sauti, na jina la VJ Jingo linajulikana hata kwa watu wasioingia kumbini, kwa kuwa yeye na wenzake waliwafungulia watu wetu filamu za kigeni kwa Kiluganda. Mtafsiri wa hapa, ambaye watazamaji humwita Mwalimu, hufanya kazi hiyo kwa Kiswahili, lugha inayowakutanisha Wasamia, Waganda, Wateso, madereva kutoka Mombasa na wafanyabiashara kutoka Kongo waliokaa benchi moja. Yeye hamsimulii mtazamaji kile anachokiona kwa macho yake. Humweleza kwa nini mtu huyu anamchukia yule, walipigana mara ya mwisho lini, nani alimsaliti nani, na mkanda unaogombewa umepita mikononi mwa akina nani. Akinyamaza, hunyamaza kwa makusudi ili makofi ya kifuani yasikike.

Kila shabiki mzima anafahamu kwamba mshindi wa pambano la mieleka ya kulipwa hupangwa kabla, na ufahamu huo haujampunguzia mtu raha hata kidogo. Tunachokifuata ni hadithi inayosimuliwa kwa miili, ambayo maumivu yake mengi ni ya kweli, na ambayo uzito wake hutokana na muda: maneno yaliyosemwa Februari hulipwa Aprili, na pigo lililoshindwa mara tatu hufaulu mara ya nne. Ukiondoa maneno na kubakiza mapigo, unabaki na wanaume wawili wanaoangushana bila sababu. Hivyo ndivyo ukumbi huu ulivyokuwa ukifanya hadi mwezi wa Aprili. Ili kuokoa muda, mwenye ukumbi aliruka hotuba zote za ulingoni, akaruka pia mapambano ya wanawake, akidhani kwamba watu wanayatumia kama nafasi ya kwenda kununua chai.

Hasara ya mtindo huo ilionekana wazi baada ya tukio la Toronto la tarehe 1 Machi. Cena alikuwa ameshinda pambano la ndani ya kizimba cha Elimination Chamber na kupata haki ya kumkabili bingwa Cody Rhodes huko WrestleMania, tukio kubwa la WWE la kila mwaka. Baada ya pambano kumalizika, mwanamieleka na mwigizaji The Rock aliingia kudai jibu la Cody kuhusu ombi lake kwamba awe mtu wake, Cody akamkataa, na Cena, aliyekuwa amemkumbatia Cody muda mfupi tu kabla ya hapo, akampiga pigo la chini ya mkanda na kuanza kumshambulia. Mtu aliyekuwa steringi, yaani shujaa wa hadithi, kwa zaidi ya miaka ishirini, ambaye watoto wetu wanaiga saluti yake na namna anavyopunga kiganja mbele ya uso, alikuwa amegeuka adui. Halikutokea jambo kubwa kuliko hilo katika mieleka mwaka huo. Kwetu Busia televisheni zilizimwa kengele ya mwisho ilipolia, kwa hoja kwamba mechi imekwisha, na watu wazima wakarudi nyumbani wakiamini kwamba Cena ni yule yule.

Matokeo yake ni kwamba jioni ya Jumatatu ya Pasaka, ulipoonyeshwa usiku wa pili wa WrestleMania 41 kutoka uwanja wa Allegiant wa Las Vegas, nusu ya ukumbi haikuelewa kwa nini Cena anampiga Cody kwa mkanda na kwa nini watu wanamzomea. Alishinda ubingwa wake wa dunia wa 17 na kuivunja rekodi aliyokuwa akiishiriki na mkongwe Ric Flair, lakini shangwe ilikuwa ya kusitasita. Pambano bora la siku hiyo, la wanawake watatu, Iyo Sky dhidi ya Bianca Belair na Rhea Ripley, halikuonyeshwa kabisa. Nililitazama baadaye kwenye simu ya mpwa wangu, na nasema bila kusita kwamba kwa kasi, kwa ubunifu na kwa namna kila mmoja wao alivyopewa nafasi ya kuonekana mshindi mtarajiwa, liliyazidi mapambano yote ya wanaume ya usiku ule.

Wiki iliyofuata tulimwendea mwenye ukumbi, watu wanne, kwa heshima zote. Mwenzetu mkubwa kwa umri ndiye aliyezungumza: "Hajji, sisi hatukuja kulalamikia bei. Tunaomba utuachie hadithi nzima, hata kama itabidi uongeze kitu kidogo." Hajji alitusikiliza, akatuagizia chai, akasema atajaribu kwa mwezi mmoja. Tangu Mei vipindi vinaonyeshwa vyote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na kiingilio kimepanda kutoka shilingi 700 hadi 1,000. Ni nyongeza ya haki. Wanawake, ambao zamani walikuwa wawili au watatu, sasa hujaza mabenchi mawili, na pambano la wanawake linapoanza hakuna anayesimama.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba, wakati ukumbi wetu ulipokuwa ukijifunza kutokata, WWE yenyewe iliikata hadithi ile ile. The Rock, aliyekuwa chanzo cha usaliti wa Toronto, hakutokea kabisa Las Vegas. Badala yake aliingia msanii Travis Scott kumsaidia Cena, katika pambano la polepole lisilostahili uzito wa rekodi iliyokuwa ikivunjwa. Miezi iliyofuata Cena alizunguka akiwalaumu mashabiki kwamba walimtumia na kumdharau, hoja ambayo kwangu ilikuwa na nguvu na ingeweza kujengwa hadi mwisho wa mwaka. Kisha tarehe 1 Agosti, siku mbili tu kabla ya kukutana tena na Cody katika tukio la SummerSlam, alibadilika na kuwa mwema kwa hotuba moja. Mwalimu alikosa la kutueleza. Mtafsiri anaweza kufasiri lugha, lakini hawezi kufasiri sababu isiyokuwepo.

Pambano lenyewe la SummerSlam, katika uwanja wa MetLife huko New Jersey, lilikuwa zuri mno, bila masharti, lenye meza zilizovunjwa na watu wawili waliokuwa wakipigana kama kwamba hakuna kesho, na Cody akaurudisha mkanda wake. Nililifurahia, na bado naamini lingekuwa mara mbili ya hapo kama Cena angeingia akiwa adui na kutubu kwa kushindwa. Mwezi uliofuata Brock Lesnar alimshinda Cena katika tukio la Wrestlepalooza huko Indianapolis kwa pambano la upande mmoja, kumbwaga baada ya kumbwaga, na sikuona faida yake kwa yeyote.

Oktoba ilirekebisha mambo. Tukio la Crown Jewel lilifanyika Perth, Australia, na kwa mara moja tofauti ya saa ikatupendelea: lilianza saa tisa alasiri kwetu, Jumamosi tarehe 11, na kwa bahati njema ligi ya Uingereza ilikuwa imepumzika kwa ajili ya mechi za timu za taifa. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama nyuma ya nguzo. Cena na AJ Styles, wapinzani wa tangu 2016, waliazimana mapigo ya wanamieleka waliowatangulia, kila pigo likiwa salamu kwa mtu fulani, na Mwalimu akawa anataja jina baada ya jina huku wazee wakiitikia. Huo ndio utafsiri ninaouzungumzia. Bila yeye, kijana wa miaka kumi na tano angeona mateke na kabali tu. Akiwa naye, aliona miaka thelathini ya mchezo ikipita mbele yake. Tarehe 10 Novemba, huko Boston, katika jimbo alikozaliwa, Cena alimshinda Dominik Mysterio na kuvaa mkanda wa Intercontinental, ambao hakuwahi kuuvaa tangu aanze mwaka 2002. Aliupoteza kwa Dominik huyo huyo kabla mwezi haujaisha.

Pambano la mwisho lilipangwa kufanyika Jumamosi tarehe 13 Desemba katika Capital One Arena, Washington, nasi tukaliona moja kwa moja kuanzia saa kumi alfajiri ya Jumapili. Hajji alifungua milango saa tisa. Kiingilio hakikubadilika, na namsifu kwa hilo, kwa sababu angeweza kutoza mara tatu na watu wangelipa. Watoto waliruhusiwa iwapo tu wameletwa na mzazi. Chai ilikuwa ya bure kwa waliofika kabla ya kipindi kuanza.

Muda wa kusubiri ulitumika vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwalimu alituonyesha mapambano ya vijana wa Soft Ground Wrestling wa Mukono, wanaopigana kwenye ulingo wa matope, wanaume kwa wanawake, chini ya mwanzilishi wao anayejulikana kwa jina la Bumbash, na ambao video zao zimetazamwa dunia nzima. Kisha akatusimulia habari za Kamala, aliyetangazwa Marekani miaka ya 1980 na 1990 kama "jitu la Uganda," akiingia peku na mkuki, uso na tumbo vikiwa vimepakwa rangi. Jina lake halisi lilikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, na alifariki Agosti 2020. Alikuwa mtu mwenye kipaji, aliyepambana na Hulk Hogan na kumkabili The Undertaker mbele ya umati wa Wembley mwaka 1992. Hata hivyo, kwa miaka mingi Uganda pekee iliyojulikana ulingoni ilikuwa ile iliyobuniwa na watu wengine na kuvalishwa ngozi ya chui. Kuwaona vijana wa Mukono wakiingia kwa majina waliyojichagulia wenyewe, dakika chache baada ya kusikia habari hizo, kulinigusa sana, na napendekeza ukumbi uwape vijana hao nafasi ya kudumu kila Jumanne kabla ya Raw.

Mpinzani wa Cena alikuwa Gunther, Mwaustria mwenye kifua kipana na viganja vizito, aliyewahi kuushikilia mkanda wa Intercontinental kwa siku 666 na ambaye Julai iliyotangulia ndiye aliyemshinda Goldberg katika pambano lake la kuaga. Kwa muda mrefu pambano lilikuwa la kumbeba na kumwangusha, na mara kadhaa ukumbi mzima ulihesabu hadi mbili na kupiga kelele. Kisha Gunther akamtia kabali. Cena akajinasua. Akamtia tena, na tena. Karibu na saa kumi na mbili, nje kukianza kupambazuka na baadhi ya waumini wakielekea kwenye misa ya kwanza, Cena akiwa amebanwa shingo alitabasamu kidogo, kisha akagonga sakafu kwa kiganja. Kwa miaka mingi mtu huyu hakuwahi kusalimu amri kwa namna hiyo. Mwalimu alishusha kipaza sauti na hakusema lolote.

Wapo waliopiga mabenchi kwa hasira, kama vile umati wa Washington ulivyomzomea Triple H, msimamizi wa hadithi za WWE, alipojitokeza. Kwa kawaida ya kumbi zetu, steringi hafi, na akifa, mtu anaweza kudai arudishiwe pesa zake. Mimi nasimama upande wa matokeo yale. Mwanamieleka anayeondoka ana kitu kimoja tu cha thamani cha kumwachia anayebaki, nacho ni kushindwa kwake, na ushindi wa mwisho dhidi ya Cena utamfuata Gunther katika kila ulingo atakaopanda. Tabasamu lile pia lilikamilisha kile ambacho Agosti ilikikata: mtu aliyewaambia mashabiki kwa miaka yote wasikate tamaa alichagua mwenyewe wakati wa kuacha. Mabingwa Cody Rhodes na CM Punk walipoingia na kumwekea mikanda yao mabegani, mama muuza chai, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na birika lake, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu amekufa au anastaafu?" Nikamjibu, "Anastaafu, mama." Akasema, "Basi mbona wanaume wazima mnalia?" Akanimiminia kikombe bila kunitoza, na tukaitazama saluti ya mwisho pamoja.

Kwa atakayetaka kufika: marudio ya Raw ni Jumanne saa moja jioni, na SmackDown ni Jumapili saa tisa alasiri. Fika nusu saa mapema, ukae mabenchi ya kushoto ili kuepuka nguzo, na uje na tochi kwa ajili ya njia ya chooni. Hajji aliahidi kuweka taa huko na kuongeza feni ya tatu kabla ya WrestleMania ya Aprili 2026, na kuionyesha siku zote mbili, ikiwa nzima.